Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuzima taa ya nondo

Mpwa wangu,

Marahaba. Sauti uliyotuma nimeisikia, na watu wote hapa nyumbani wameisikia, wakakucheka kidogo kwa jinsi unavyolia na baridi. Unasema huko Leicester, Uingereza, jua limeanza kuzama mapema, usiku unapoa, na asubuhi boksi lako la kutegea nondo kwa taa lina wadudu wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo unataka kuchomoa taa, kuiweka stoo na kusubiri Mei. Kisha ukaniuliza kama na sisi huku Jinja, Uganda, tunafunga. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako mwenye wazo hilo, na kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Usizime.

Sisi huku hatuna majira ya mapukutiko. Mwembe wangu unaangusha majani na kuchipua majani mwaka mzima bila kuangalia kalenda. Kinachopanga maisha ya nondo hapa Walukuba ni mvua. Julai na Agosti nyasi za nyuma ya nyumba zinakauka, na shuka langu linapata nondo wachache wa kahawia wasio na makuu. Mvua za Septemba zikirudi, majani machanga yanatoka, viwavi wanapata cha kutafuna, pupa, yaani viwavi wanaogeuka kuwa nondo, waliojichimbia udongoni wanalainishiwa ardhi, na haupiti muda mrefu kabla ukuta wa mbele haujajaa. (Ndugu zetu wa Arua, kaskazini-magharibi, wana mvua za mkupuo mmoja mrefu, kuanzia kama Aprili hadi Novemba, kwa hiyo kalenda yangu haiwafai.) Wakati wewe unafikiria kufunga, mimi ndio kwanza natafuta trei za mayai.

Mganda hahitaji kufundishwa kutega kwa taa. Nenda Masaka Novemba uone wanavyovuna nsenene: mabati yamesimamishwa wima, taa kali juu, mapipa chini. Panzi anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza, anaishia kwenye pipa, na kesho yake anauzwa barabarani akiwa amekaangwa. Boksi lako la nondo linatumia ujanja uleule, ila wewe asubuhi unawaachia. Jirani yangu alipoelewa kwamba nawaachia alisikitika kweli.

Mtego wangu mimi ni shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, balbu ya kawaida, na taa ndogo ya urujuanimno (UV), ile wanayotumia mawakala wa mobile money kukagua noti bandia. Haina nguvu kama yako, lakini nondo wanaipenda kuliko balbu ya njano. Trei za mayai naziegemeza chini ya shuka. Nondo akichoka kuzunguka anateremka, anaingia kwenye kishimo cha trei na kutulia humo hadi asubuhi, ukimpiga picha hajali. Umeme ukikatika natumia taa ya sola.

Uliniuliza pia kwa nini wanazunguka taa kama waliorogwa. Mwaka 2024 watafiti waliowarekodi wadudu kwa kamera za kasi walitoa maelezo yanayonishawishi zaidi kuliko yote niliyowahi kusikia: wadudu hawaijii taa, wanaigeuzia mgongo. Usiku wa kawaida upande wenye mwanga zaidi ni juu, angani. Mdudu akiweka mgongo upande wa mwanga anajua yuko sawa, tumbo chini. Sasa wewe unamwashia balbu pembeni yake. Anainamisha mgongo kwenye balbu, mwili unapinda, anakata kona, anarudi, anakata kona tena. Amenaswa kwenye hesabu yake mwenyewe. Usiku wa mwezi mpevu wanakuja wachache, na usiku wa mawingu, joto na hewa tulivu ndio wa kukesha.

Kukesha kwenyewe kuna masharti yake. Mtu anayetandika shuka jeupe uani usiku na kulichungulia kwa tochi lazima aulizwe maswali. Mimi nilimwambia mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa wetu, mapema, akacheka, akauliza mchawi gani huwasha taa. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeunguza ngozi usimpige akikutua shingoni, mpulize aende zake. Kisha kuna usiku ambao vijidudu vya ziwani vinatoka Victoria kwa wingu zima, shuka linageuka jeusi, vinaingia puani na kwenye chai. Usiku kama huo naandika tu "vya ziwani, nimezima" na kuingia ndani.

Mjusi wa ukutani naye ana zamu yake. Anakaa pembeni ya balbu, hana haraka. Asubuhi ni kuku. Ukichelewa kutoka, trei zako zimeshakaguliwa na jogoo, na zinabaki mabawa tu. Kwa hiyo kabla ya saa kumi na mbili nawahamishia kwenye majani ya mgomba, ndani kwenye kivuli. Najua huko kwako ndege wa bustanini nao wakishalijua boksi hawakosi kupita asubuhi, na dawa ni hiyohiyo.

Njia ya pili haihitaji umeme hata kidogo. Ponda ndizi za bogoya zilizoiva mpaka ngozi imekuwa nyeusi, changanya na sukari guru, mimina tonto (pombe ya ndizi) kidogo, acha ichachuke, kisha paka kwenye shina la mti kabla ya magharibi. Jirani hunipa tonto. Mimi sinywi, mwembe wangu unakunywa. Anayekuja hapo mara kwa mara ni Cyligramma latona, mkubwa wa kahawia, ana doa kama jicho kwenye kila bawa la mbele na mstari wa rangi ya maziwa unaokatiza mabawa yote manne. Watu humwona sebuleni na kumfukuza kwa ufagio wakimdhania popo. Mwingine ni Sphingomorpha chlorea, mlevi anayejulikana bara zima, ana mrija wenye ncha ya kutoboa tunda. Ukimmulika tochi macho yake yanawaka mekundu kwenye giza. Huko kwako tumia divai ya bei rahisi na sukari, inafanya kazi hiyohiyo, na Septemba ndiyo saa yake.

Sasa nije kwenye sababu ya kukuandikia barua nzima badala ya neno moja.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo tukichimba viazi vitamu, jembe likifukua kitu cha kahawia, kigumu, kinachotikisa mkia? Mlikuwa mkikiuliza, "Kaskazini wapi?" nacho kinajipinda. Kile ni pupa wa Agrius convolvuli. Itazame vizuri picha yake: upande wa mbele una mkono uliopinda kama wa birika. Ndani ya mkono ule umekunjwa mrija wake wa kunywea, kwa sababu mrija huo akiwa mkubwa unaweza kuuzidi mwili wake kwa urefu, na hauna pa kukaa. Kiwavi wake ndiye yule mnene mwenye pembe nyuma, anayekula matembele usiku mmoja hadi ubaki na vikonyo. Akitoka udongoni ni nondo wa kijivu, mabawa yakitandazwa yanafika kama sentimita 10, tumbo lina pete za waridi na nyeusi. Magharibi anasimama hewani mbele ya ua refu, hatui, anashusha mrija na kunywa mbochi, anahamia ua la pili. Bibi yako alikuwa akipanda tumbaku kidogo karibu na jiko la nje, na maua yake yalikuwa hayakosi mteja.

Nondo huyo huyo, mpwa wangu, aina ileile, anafika Uingereza. Hawezi kuishi huko mwaka mzima, majira ya baridi yanamuua. Anapanda kutoka kusini, Afrika na kusini mwa Ulaya, na wengi wao huonekana mwishoni mwa Agosti, Septemba na Oktoba. Yaani hasa wakati unapotaka kuzima taa. Wenzako huko wanampandia maua ya tumbaku makusudi na kukaa kumngoja. Sisemi atakayetua kwako ametoka kwenye matuta yangu, hapana, umbali huo siupimi. Nasema ungekuwa unamfungia mlango mgeni ambaye shangazi zako walimlaani kila msimu wa viazi. Na wakati huohuo anaweza kuja yule mwenye alama ya fuvu mgongoni, Acherontia atropos, anayelia ukimgusa na kuingia kwenye mizinga kuiba asali. Huyo naye ni wa huku.

Hata wenyeji wa huko hawajafunga. Ule mtambaazi wa kijani, ivy, unaopanda kuta za uchochoro wenu hutoa maua Septemba na Oktoba, maua mengine mengi yakiwa yameisha, nao nondo hujazana hapo usiku. Chukua tochi tu, huhitaji boksi. Oktoba kuna yule wa kijani mwenye michoro ya kuvu za magome, Merveille du Jour, ambaye nakuonea wivu naye. Na Novemba hadi Januari huruka Operophtera brumata, dume lake tu. Jike karibu halina mabawa, linapanda shina la mti kwa miguu kwenye baridi ambayo wewe huwezi kutoka nayo kutupa takataka.

Unasema usiku wa nondo wawili hauna maana kuandikwa. Hapa ndipo tunapogombana. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, walianza kutega nondo kwa taa mwaka 1933, na tangu 1968 wana mtandao wa mitego ya namna moja inayowaka kila usiku. Kutokana na daftari hizo ndipo ilipojulikana kwamba kati ya 1968 na 2017 wingi wa nondo wakubwa Uingereza ulishuka kwa asilimia 33. Hesabu hiyo isingepatikana kama watu wangekuwa wanaandika siku zenye nondo wazuri tu na kulala siku za mvua. Sifuri ni namba. Iandike na tarehe, taa uliyotumia, saa uliyowasha na kuzima, mawingu, upepo. Kaunti yako ina mtu wa kupokea na kukagua rekodi za nondo, mtumie.

Mimi huku ninaandika kwa sababu nyingine, na ina uchungu zaidi. Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, walitoka bara la Amerika na kuripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Muda si muda walikuwa kwenye mahindi ya Busoga, na watu wengi waliwafahamu walipoona moyo wa mmea wa mahindi umetafunwa na kujaa vumbi la kinyesi. Nondo mwenyewe ni mdogo, kijivu-kahawia, dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Kwenye shuka humtofautishi upesi na wenzake watano. Mtu pekee anayeweza kusema "huyu ni mgeni" ni yule anayewajua wale wa kila siku, wale wasiopigwa picha na mtu. Ndiyo maana daftari langu limejaa vitu kama "kahawia mdogo, mstari mmoja, 4".

Najua unavyoyacheka majina yangu hayo. Wewe una aina kama 2,500 nchi nzima na vitabu vyenye picha ya kila mmoja. Mimi nina simu na subira. Picha naziweka iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, na aliyeko nchi nyingine huniambia familia ya nondo, akiweza anasogea hadi jenasi, kundi dogo zaidi, mara nyingi tunaishia hapo. Sioni aibu. Picha yenye tarehe na mahali inaweza kusubiri jina. Jina bila tarehe halina kazi. Piga picha kutoka juu, mabawa yakiwa yametulia, weka rula pembeni, na usimguse mabawani, yale magamba madogo yakitoka hayarudi.

Kwa hiyo fanya hivi: punguza, usifunge. Taa mara moja kwa wiki, siku ileile, hadi Machi. Usiku wa jotojoto ukitokea ongeza. Wanao wakabidhi kazi ya kuandika, wewe soma namba tu.

Na ukija Desemba niletee taa moja ya urujuanimno ya ukubwa wa kawaida, ifunge katikati ya nguo zako, usiiache kwenye begi la mizigo wakalirusha. Usihangaike na adapta, plagi za huko na huku ni zilezile za pini tatu. Trei za mayai usilete, zipo.

Mjomba wako,
Walukuba, Jinja