Video za kufundisha kuchapa barua tutengeneze wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, maeneo ya Kiusa, kazi yangu kuchapa, kuprinti na kutoa kopi, na hili ninaloliandika nimelikalia muda mrefu sana.

Wiki haipiti bila kijana kuingia na flashi yake, shikamoo dada, naomba uniprintie barua ya maombi ya kazi. Nafungua, nakuta ile anwani yake ya juu kulia imetawanyika, mstari mmoja uko katikati, mwingine umerukia chini, sanduku la posta liko peke yake kama limesuswa. Mwanzo nilidhani ni mashine yangu. Siku moja nikabonyeza Ctrl na F10, maana kwenye LibreOffice, programu ninayochapia, hiyo inakuonyesha kila spesi kama kidoti, aisee, nusu ukurasa vidoti vitupu kama ulezi uliomwagika, kumbe kaka wa watu alikuwa anaisukuma anwani kwa spesi mpaka ifike kulia, sasa ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na ile fonti yake kila kitu kinahama. Na dawa yake wala haichukui dakika, unachagua ile mistari ya anwani, unashika kile kipembetatu cha chini kwenye rula upande wa kushoto, unakivuta kwenda kulia, basi, anwani imekaa. Ana diploma huyu kijana, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha hicho kipembetatu.

Mi natumia LibreOffice tangu fundi mmoja (simtaji, tunasalimiana bado) aliponiwekea Microsoft Office ya kukraki, yaani ya wizi, ikaja na virusi vikala mafaili ya wateja, ikiwemo risala ya harusi iliyotakiwa saa tisa alasiri siku hiyo hiyo. LibreOffice ni programu huria, huibi kitu cha mtu, ukishadaunlodi lile faili la kuinstoli, mega mia tatu na kitu, unaweza kumwekea jirani kwenye flashi naye akampa mwenzake na hakuna wa kukuuliza leseni. Inafungua faili za Word, inasevu kama Word, na kitufe cha kutoa PDF kipo pale pale juu. Mara nyingine faili la Word lenye majedwali mengi linafika limepinda kidogo, sitadanganya, ila barua na CV zinatoka vizuri tu.

Na wala sio jambo geni kwetu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux, wa kuziweka programu huria kwa Kiswahili, wakisaidiana na Wasweden, walitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili kabisa, na LibreOffice ninayotumia leo ilichipuka kutoka kwenye hiyo hiyo OpenOffice mwaka 2010. Yaani kazi ngumu ya maneno watu walishaianza miaka ishirini iliyopita, sa sisi tunashindwa nini kumwonyesha mtu kwa video jinsi ya kuchapa barua?

Video za Kiingereza zipo tele, tatizo ni kwamba zile nilizoangalia zinaanza kukutembeza menyu moja baada ya nyingine nusu saa nzima, bando linaisha hujaandika hata tarehe. Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe. Nikachukua OBS, nayo ni ya bure, inarekodi kioo cha kompyuta, maiki ni ile ya earphone za simu. Video ya kwanza ilikuwa dakika arobaini na ina sauti za bodaboda kuliko yangu. Nikamwonyesha mama mmoja katibu wa kikoba chetu ambaye anataka kuchapa mihtasari mwenyewe, akavumilia kama dakika tano hivi, afu akaniuliza, "Mwanangu, hapo unaposema bofya, ndo nafanyaje?" Mi nishafika kwenye majedwali!

Sasa hivi nafanya kazi moja kwa video moja, dakika tatu au nne. Kuandika anwani. Kusevu, na kujua umesevu wapi, maana hapo ndo machozi ya wengi. Kuondoa ile mistari myekundu inayojaa chini ya kila neno la Kiswahili, watu wanadhani wamekosea kumbe kompyuta inawasahihisha kwa Kiingereza, unabonyeza jina la lugha pale chini ya dirisha unachagua Kiswahili, kama uliinstoli na kamusi yake. Maandishi nayakuza mpaka asilimia 150 kwa sababu wengi wanaangalia kwenye simu. Na nimejifunza kwa maumivu kwamba ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, menyu hazisomeki, itume kama dokumenti.

Ninachoomba kwako Mhariri ni kona ndogo tu kwenye gazeti, hata mara moja kwa wiki, yenye somo moja kwa Kiswahili, picha mbili na maelezo, ili asiye na bando naye akate aweke ukutani. Na walimu wa kompyuta wa Moshi na Arusha, mnaofundisha kila siku, rekodini hata na simu, msisubiri studio.

Mi mwenyewe nimekwama. Wanachuo wanataka ripoti ya fildi ambayo jalada halina namba halafu ukurasa unaofuata unaanza na 1. Kufanya najua, unaweka ukomo wa ukurasa (page break), unaubadilishia staili, unaandika namba ianze na 1, ila kueleza nimeshindwa, nimerekodi mara nne na mara zote mama katibu amelala. Mwenye kuweza kulieleza hilo chini ya dakika nne aje dukani, chai juu yangu.

Mwenye steshenari,
Kiusa, Moshi