Mhariri, kalsiamu peke yake haitoshi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya nausoma kila wiki na sina ugomvi nao, ila hii tabia ya kila mkigusa mifupa mnaishia kwenye maziwa na vidonge vya kalsiamu inanikera, manake sisi wenye baridi yabisi tunasoma halafu tunajilaumu kana kwamba mifupa imelika kwa sababu ya kula vibaya. Mi niko nayo mwaka wa kumi sasa, kalsiamu nimemeza mpaka basi, na eksirei ya kiganja bado ikaonyesha mfupa umetafunwa pembeni ya viungo vya vidole.

Umetafunwa na nani? Mfupa hautulii ati, muda wote unabomolewa na kujengwa upya. Wabomoaji ni seli zinaitwa osteoklasti, wajenzi ni osteoblasti, na kashimo kanakochimbwa kwa wiki kama tatu wajenzi wanakajaza kwa miezi mitatu au zaidi, yaani hata kwa mtu mzima wa afya ujenzi ndo wa polepole. Sasa ikiingia inflamesheni, ule uvimbe wa moto ambao kwenye baridi yabisi hauishi, kinga ya mwili inamwaga kemikali kama TNF na IL-1 zinazowaongeza wabomoaji. Hilo angalau huwa linaandikwa. Lisiloandikwa ni kwamba TNF hiyohiyo inamkaba mjenzi: seli changa zinazotakiwa kuwa osteoblasti zinapungukiwa Runx2, protini inayoziamuru zikomae, na zilizokwisha komaa zinakufa mapema, halafu kiungo kilichovimba kinatoa protini nyingine, DKK1, inayokata njia ya Wnt ambayo wajenzi wanapokelea amri ya kazi. Saruji mmeshusha, mafundi wamefukuzwa saiti!

Sisemi inflamesheni ni adui siku zote. Ukivunjika mfupa, ule uvimbe wa siku za mwanzo ndo unaoita seli za kuunga, bila huo mfupa unachelewa kushika. Tena kuna ugonjwa wa uti wa mgongo ambao inflamesheni inaishia kuotesha mfupa pasipotakiwa mpaka pingili zinashikana, hapo hata mi nachanganyikiwa.

Na dawa ya prednisoloni nayo, mbona hamuigusi? Inapoza uvimbe vizuri sana lakini ikitumika muda mrefu yenyewe inawaua osteoblasti, ndo maana daktari hataki uikae nayo muda mrefu, anaipunguza kidogokidogo (msije mkaacha ghafla wenyewe, ni hatari).

Ombi langu ni moja, mkirudia mada hii muanze na kuuzima uvimbe wenyewe kwa dawa za ugonjwa, kalsiamu na vitamini D zije nyuma yake. Na ile picha ya glasi ya maziwa jamani, badilisheni.

Msomaji wenu mwenye viganja vibovu