Huku Hakuna wa Kukuhesabu

Hosteli za Magufuli,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
Desemba.

Kwako Dada Mkuu,

(Cheo hiki hakina kustaafu. Hata ukiwa bibi na wajukuu nitakuita hivyo hivyo.)

Habari za huko nyumbani, na pole sana kwa kuuguza. Kaka yako alinipigia juzi akasema mama yenu sasa anatoka nje jua likichomoza, na uji anaumaliza. Nilishukuru mno. Mwambie binti yake wa huku anamsalimia na hajamsahau kwenye sala.

Nimeamua kuandika barua ya karatasi maana meseji zangu kwako zina tiki moja tangu wiki iliyopita, na konda wa basi la kwetu amekubali kuibeba pamoja na dawa za mama. Leo Jumapili wenzangu wote wameenda Coco Beach kula mihogo, chumba kimetulia, basi ngoja nikujibu lile swali lako: je, chuo ni kama tulivyosimuliwa?

Majengo ndiyo. Mengine hapana. Kubwa kuliko yote ni kwamba huku hakuna anayekuhesabu.

Wewe ndiye uliyekuwa unapita saa nne usiku na tochi yako kati ya vitanda, "Bweni hili mko wangapi?", na mtu akiwa msalani lazima tumsubiri. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nako wakatuhesabu hadi tukiwa na sahani mkononi. Nilikuwa nikiota siku nitakayolala bila kuitwa namba. Sasa nimeipata, na nakwambia kweli, siku za mwanzo ilinitisha. Hakuna kengele. Hakuna matroni. Kipindi kikiwa saa moja asubuhi na wewe ukalala hadi saa nne, mhadhiri anaingia, anafundisha, anatoka, na hana habari kwamba upo duniani. Kuna wenzetu waliopokea uhuru huo kwa vigelegele. Testi ya kwanza ilipotangazwa ndiyo wakaanza kuzunguka hosteli usiku wakitafuta madesa, yaani notsi za wenzao, ya kupiga picha kwa simu.

Safari unaijua kwa kusimuliwa: Makambako, Mafinga, mteremko wa Kitonga, tembo wa Mikumi kama una bahati, Morogoro, Chalinze, halafu foleni. Usichosimuliwa ni joto. Nilishuka kituo cha Mbezi usiku nikiwa na sweta yangu ya shule, nikadhani injini ya basi ndiyo inanipulizia. Nikasogea mbali na basi. Joto likanifuata. Na mama yangu naye alikuwa amenifungia lile blanketi zito la maua, unalijua. Mwenzangu mmoja wa chumbani, dada wa Tanga mwenye Kiswahili cha kukufanya uone aibu kufungua mdomo, alilishika kwa vidole viwili akauliza, "Hili tunamfunika nani, ng'ombe?" Siku hizi limekunjwa juu ya godoro lake, analilalia yeye, na ole wako umwambie alirudishe.

Tuko wanne chumbani. Hizi hosteli zilifunguliwa mwaka 2017 na zinachukua wanafunzi 3,840, kwa hiyo asubuhi ngazi zinajaa watu kama mnada wa ng'ombe. Walipojua natoka Makete waliniuliza duka langu la Kariakoo liko mtaa gani. Sisi Wakinga tunajulikana kwa biashara; ukijitambulisha kuwa Mkinga huku, hakuna anayeamini kwamba umekuja kusoma. Nimeacha kubisha. Nawaambia duka lipo, ila mkopo hatutoi.

Halafu kuna Ukumbi wa Nkrumah. Unaikumbuka ile noti ya 500 yenye sura ya Karume, kabla sarafu haijachukua nafasi yake? Nyuma yake kulikuwa na ukumbi na wahitimu wenye majoho. Ndio huo! Tulikuwa tunanunulia maandazi picha ya chuo bila kujua. Niliposimama mbele yake nilitamani nikutafute uko wapi, lakini waliokuwa karibu nami wote walikuwa wanajipiga selfi, nami nikajipiga yangu, sikutaka ushamba wangu ujulikane.

Masomo sasa. Mimi nimechukua Ualimu, Historia na Kiswahili, kama tulivyopanga. Kiswahili nakipenda, lakini si kile cha kubahatisha tulichozoea. Huku unaambiwa uichambue sentensi uliyoisema maisha yako yote na unagundua huijui. DS, yaani Development Studies, tunasoma umati wa watu wa kozi mbalimbali ukumbi mmoja. Mhadhiri anaongea Kiingereza cha kasi, slaidi zinapita, na wewe bado unaandika kichwa cha habari. Dawa niliyoipata ni hii: usiku kabla ya kipindi nasoma mada yenyewe mapema, hata kurasa tatu tu, ili kesho nikisikia maneno yawe yameshapita masikioni. Wengine wanarekodi sauti na hawaisikilizi tena. Simsemi mtu.

Ila semina ndiko ninakokaa sawa. Huko mnakuwa wachache na lazima useme. Wiki mbili hizi tulikuwa na mada ya wanafunzi na serikali baada ya uhuru, na mwalimu wa semina akatusimulia kisa ambacho mimi na wewe, pamoja na kuimba kwetu kote kule kambini, hakuna aliyewahi kutusimulia. Kumbe zamani wasomi wa chuo hiki hiki cha Mlimani waliikataa JKT! Serikali ilitaka wanaomaliza masomo waende, na baada ya miezi ya kambini waendelee kutumikia taifa wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wakaandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300, warudi kwao vijijini. Halafu akageukia mishahara ya wakubwa wenyewe na kuukata wa kwake kwa asilimia 20. Wengi wa wale wanafunzi walirudishwa baadaye.

Basi hapo semina ikalipuka. Kijana mmoja wa Mara akasema walikuwa na haki, huwezi kumkata mtu mshahara ambao hajaupata. Mwingine akasema walikuwa na majivuno tu, watu wachache waliosomeshwa kwa jasho la wakulima halafu hawataki kushika jembe. Wote wawili wametoka JKT mwaka huu huu kama sisi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, kama kawaida yangu. Sijui nini kilininyanyua mkono. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, kwamba wote wanaongelea mshahara na jembe, na hakuna aliyeuliza wale 300 walipofika vijijini waliwaambia nini wazazi wao waliouza ng'ombe ili wasome. Na kwamba kwetu mtoto akirudishwa kutoka shule, nyumba nzima ndiyo inayorudishwa. Mwalimu wa semina akaweka kalamu ya ubao mezani akauliza, "Wewe unaitwa nani? Unatoka wapi?"

Dada Mkuu, ilikuwa mara ya kwanza mtu wa mbele ya darasa kuniuliza jina langu tangu nifike. Akaniambia swali hilo nilifanyie insha. Sasa tukipishana koridoni ananiita "Makete", na siku moja nilipochelewa aliulizia, "Makete yuko wapi?" Nikahesabiwa!

Maktaba mpya ungeipenda wewe kuliko mimi. Ilijengwa kwa msaada wa Wachina, ikafunguliwa 2018, na inaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja. Tena ina baridi ya viyoyozi. Humo ndimo sweta yangu ilimopata kazi. Mchana lakini napendelea vimbwetani, zile meza na mabenchi ya zege chini ya miti, mnakaa wanne watano na kubishana hadi jua linazama. Tahadhari yake ni tumbili. Juzi niliweka andazi juu ya daftari nikageuka kuchukua maji, tumbili akashuka, hakugusa hata ukurasa, akachukua andazi, akakaa tawini juu yetu akila taratibu huku ananitazama. Ana adabu ya daftari, hana ya andazi.

Sasa fedha, maana najua ndilo jambo linalokukosesha usingizi. Mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini hauji kwa siku, unakuja kwa mkupuo wa siku nyingi, na sisi tunauita bumu. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Mtu ambaye hajawahi kushika laki mbili anapokea fedha nyingi kwa siku moja. Wiki ya bumu utaona chipsi kuku kila kona, watu wanasuka nywele mpya, wanaume wananunua viatu vyeupe. Baada ya hapo ni wali maharage. Baada ya wali maharage ni pasi ndefu, yaani unakunywa chai saa tano ili uunganishe mpaka usiku. Nimemwona mtu anayeichapa pasi ndefu huku amevaa raba ambazo bei yake ingemlisha mwezi.

Mimi damu ya Kikinga imenisaidia. Bumu lilipoingia nilikwenda Savei, hapa jirani na chuo, kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula, nikampa fedha ya chakula cha mchana mapema, akaniandika kwenye kaunta buku lake. Kila nikila anachora mstari. Wenzangu walinicheka. Sasa ni katikati ya Desemba, wameacha kucheka, na wawili wameshaniomba niwatambulishe kwake. Na yule mama ana macho! Nilipopata homa nikashinda kitandani, kesho yake akamtuma kijana wake na kontena la supu, kisa mistari yangu haikuongezeka. Kila nikienda ananikaribisha "mwanangu", ananiongezea mchuzi, na ananigombeza nikibakiza.

Upweke? Upo, hasa jioni za Jumamosi. Usiku wa kwanza nililia nikiwa nimeuma kanga, na baadaye nikagundua wa kitanda cha chini naye alikuwa analia, kila mmoja akidhani mwenzake amelala. Tulipoambiana tulicheka sana. Yatosha.

Haya, kuhusu wewe. Cheti chako cha kuzaliwa, na cha kifo cha baba, anza sasa kuvihakiki RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Usingoje dirisha la mkopo lifunguliwe, kwa sababu hapo nchi nzima inakimbilia mahali pamoja. Fomu ya mkopo inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji na ya hakimu au wakili, kwa hiyo siku ukienda Njombe mjini malizia yote. Picha ndogo piga nyingi. Cha kubeba: chandarua, ndoo, kandambili, kanga mbili. Blanketi liache.

Na kuna jambo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Nataka uje hapa. Nimeshaanza hata kuwaambia wenzangu kuhusu wewe, wanakusubiri "afande wa tochi". Lakini kama mama hatakuwa ameimarika vizuri, tazama Mkwawa, pale Iringa. Ni chuo kishiriki cha hapa hapa Mlimani, wanafundisha ualimu, na shahada unayotunukiwa ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama yangu. Kutoka Iringa ukiitwa nyumbani usiku, jioni ya pili yake umeshamshika mama mkono. Kutoka hapa sijui. Usije Dar kwa sababu yangu, wala kwa sababu tuliapa kidato cha tano nyuma ya jiko la shule. Kiapo kile tulikula tukiwa na njaa. Zungumza na kaka yako, muulizeni na mama mwenyewe anataka nini, wagonjwa hatuwaulizagi.

Ukiamua Iringa, likizo nitashukia hapo nilale kwako siku mbili kabla ya kuendelea nyumbani, na utanipikia njegere mbichi, maana huku wanauza zilizokauka kwa bei ya nyama. Ukiamua Dar, kitanda cha kulala siku za mwanzo kipo.

Nijibu kwa konda huyu huyu, anarudi Ijumaa. Nusu ya ukurasa yatosha, ila uandike kweli mama anakula nini na analala vipi, usinipambie. Dawa za asubuhi ni zile za boksi jeupe, za usiku nimezifunga kwenye mfuko wa bluu. Msalimie kaka, msalimie bibi yako, na yule mwalimu wetu wa Historia ukimwona sokoni mwambie ya 1966 alituficha.

Ni mimi wako,
Namba 17, Bweni la Tatu