Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mkopo wa Mpunga na Kazi Zinazoufuata

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi nazungumzia suala linalozua ubishi kila kamati ya mikopo inapokaa: mkulima wa mpunga anadaiwa kwa ratiba ya mwenye genge.

Mwenye genge pale Mbuyuni anauza kila siku, marejesho ya wiki anayamudu. Mkulima wa Mabogini au Chekereni aliyepanda mbegu ya mpunga ya SARO 5 anatoa tu fedha bila kuingiza kwa miezi minne hivi. Ukimbana kila wiki, atakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ili akulipe, au atauza mpunga ungali shambani. Kwenye daftari letu ataonekana mlipaji hodari!

Kamati inapendekeza mkopo wa mpunga utoke kwa mafungu matatu na ulipwe baada ya mauzo. La kwanza ni la kulima, kuvuruga (kulainisha tope la shamba) na kitalu. La pili, kupandikiza na mbolea ya kupandia. La tatu, palizi, urea na kuvuna. Fungu la pili lisitoke kabla zamu ya maji haijathibitishwa. Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987, inategemea mito ya Rau na Njoro, na maji hayatoshi majaruba (vipande vya shamba vyenye kingo) yote kwa mpigo. Miche ikizeekea kitaluni ikingoja maji, itachipua kidogo, na mbolea haitafidia.

Wanaofuata kilimo shadidi, yaani kilimo cha mpunga kwa miche michache na maji kidogo, hupandikiza miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Mbegu na maji hupungua. Magugu, hata hivyo, huongezeka kwa kuwa jaruba halijai maji muda wote, kwa hiyo gharama ya palizi iandikwe kwenye fomu tangu mwanzo. Wengi huisahau.

Kuhusu riba, pigeni hesabu kabla ya kusaini popote. Asilimia 3.5 kwa mwezi inasikika ndogo. Kwa mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi 5, mtaji ukilipwa mwishoni, riba ni 105,000, bado ada.

Ajira nyingi mpya naziona baada ya mavuno. Mpunga uanikwe juu ya turubai, tabaka la sentimita 3 hadi 5, ugeuzwe kila nusu saa, mpaka unyevu ufike asilimia 14. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, atikise: chumvi ikiganda kwenye kuta, bado mbichi. Ukianikwa kwa pupa kwenye jua kali kisha ukanyeshewa, punje hupata nyufa na mashine hutoa chenga, yaani mchele uliovunjika. Kinu cha kukoboa chenye roli za mipira kikirekebishwa vizuri, kilo 100 za mpunga mkavu hutoa mchele kilo 60 hadi 65. Vile vya chuma vya kizamani hutoa pungufu, na huvunja zaidi. Chenga zina wanunuzi, mama wa vitumbua. Pumba laini huenda kwa wafugaji wa nguruwe na kuku, maganda kwa wachoma matofali.

Vijana wanaotaka pawatila, trekta dogo la kuongozwa kwa mkono, waanze na mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kisajiliwe kwanza.

Pendekezo la mafungu matatu litapigiwa kura leo, baada ya taarifa ya mhazini.