Kampasi ya Kigoma ianze na shahada ya maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nifikishe ombi moja kwa wanaohusika na kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) iliyopangwa mkoani Kigoma chini ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ambao serikali iliuanzisha mwaka 2021 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Mengi yanayosemwa kuhusu kampasi hiyo yanahusu majengo. Mimi ninajali zaidi kitakachofundishwa ndani yake, na ombi langu ni kwamba miongoni mwa programu zake za mwanzo kabisa iwemo Shahada ya Sayansi ya Maabara za Tiba, na kwamba nafasi zake zisiwe za vijana wa kidato cha sita peke yao, bali sehemu yake itengwe kwa wateknolojia wa maabara wenye stashahada ambao tayari wako kazini katika mikoa ya Kigoma, Tabora na Katavi.

Najua matarajio ya wananchi wengi ni udaktari. Mzazi akisikia chuo kikuu cha afya kinakuja, anamwona mwanawe amevaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo shingoni, na hakuna ubaya katika ndoto hiyo. Lakini daktari aliyepelekwa mahali ambapo hakuna wa kumpimia vizuri hutibu kwa kukisia, na katika mkoa wetu kukisia kuna gharama kubwa kuliko mahali pengine pengi.

Nitoe mfano wa malale. Misitu ya miombo ya Kibondo, Kasulu na Uvinza ina mbung'o, inzi wanaoeneza malale kwa kuuma, na Kigoma imekuwa kwa miaka mingi mojawapo ya maeneo ya nchi yetu yanayojulikana kwa ugonjwa huo. Malale huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, kama malaria inavyoanza. Enzi ambazo kila mwenye homa alipimwa kwa hadubini, mteknolojia aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukutana na malale bila kutumwa: akiweka tone bichi la damu chini ya kioo chembamba, aliona chembe nyekundu zikisukumwasukumwa na kitu kinachojipindapinda kati yake, na hapo alijua kwamba mgonjwa huyu hahitaji dawa ya malaria pekee. Leo vituo vyetu hutegemea kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hicho ni cha manufaa makubwa, hasa katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta na maambukizi ya malaria ya asilimia 24 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Hata hivyo, kipimo hicho hujibu swali moja tu. Kikisema hakuna malaria, kazi ya kuuliza ni nini kingine hubaki kwa mtu, na mtu huyo ni lazima awe amefundishwa kuuliza. Aina ya malale iliyopo kwetu haimsubiri mgonjwa kwa miaka; ndani ya wiki au miezi vimelea huingia kwenye ubongo, na asipotibiwa hufa.

Jambo la pili ni mipaka yetu. Mwezi Mei mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka kati yao, na wengi wakasafirishwa kwa MV Liemba hadi mjini Kigoma. Mwaka 2023, na tena Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera, mkoa unaopakana nasi upande wa kaskazini. Upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa, iko Kongo ambayo imepambana na Ebola mara kwa mara tangu mwaka 1976. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya mwaka 2022, wenye kambi za wakimbizi, bandari na masoko ya mpakani, unahitaji watu wanaojua kuchukua sampuli hatari bila kujiambukiza, kuifunga inavyotakiwa, kuituma, na ikibidi kuipima hapa hapa kwa vipimo vya vinasaba. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili hotelini.

Yapo pia mahitaji yasiyotangazwa redioni. Mtoto mwenye homa kali anayeshukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu anapaswa kuoteshewa maabara vimelea vilivyomo kwenye damu yake ili ijulikane ni dawa gani itakayomfaa, lakini kuotesha kunataka chakula cha vimelea kilichoandaliwa vizuri, joto lisiloyumba, na mtu anayeweza kutofautisha kimelea cha kweli na uchafu ulioingia kutoka kwenye ngozi wakati wa kutoa damu. Pasipo mtu huyo, mtoto hupewa dawa kali inayopatikana, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa huendelea kukua bila yeyote kuuona. Kuna selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambao hauthibitishwi kwa kutazama tu umbo la chembe hizo. Kuna damu ya kuongezea mama aliyevuja wakati wa kujifungua, ambayo kituo chake cha kanda kiko Tabora, takribani kilomita 400 kwa reli. Damu hiyo ikishafika, bado ni lazima mtu ailinganishe na ya mgonjwa kwa uangalifu, mara nyingi usiku, akiwa peke yake.

Mteknolojia wa stashahada anajua kupima, na wengi wao wanaifanya kazi hiyo kwa uadilifu mkubwa ambao sijui kama mkoa umewahi kuwashukuru. Shahada inamwongezea uwezo wa kuhakiki kama mashine inasema kweli, kusimamia ubora wa maabara ya wilaya nzima, na kugundua kwamba majibu ya mwezi huu yana kasoro kabla wagonjwa hawajaumia. Kwa sasa akitaka kuisoma huwaza Muhimbili yenyewe, au Bugando kule Mwanza, au Moshi. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Katika kituo chenye mteknolojia mmoja au wawili, ruhusa ya masomo ya miaka mitatu mbali na kituo ni ruhusa ambayo mganga mfawidhi husita kuitoa hata akitaka, na anayeipata mara nyingi harudi. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 na mwongozo wa mwaka 2021, limeshauri nchi kujenga vyuo vya afya nje ya miji mikuu na kudahili wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kubaki huko baada ya kuhitimu.

Wapo watakaosema kwamba wahitimu wa maabara wapo mitaani bila ajira, kwa hiyo kwa nini tuongeze wengine. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi, kwani kijana asiye na kazi hafarijiwi na maelezo. Ndiyo sababu nasisitiza walio kazini: hao hawaombi ajira mpya, wanaomba ujuzi, na wakihitimu mkoa unapata mtaalamu bila kusubiri kibali chochote. Kuhusu walimu na mahali pa mafunzo kwa vitendo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ipo, hospitali za Kabanga na Heri zina historia ndefu ya huduma, na vyuo vya uuguzi vya Kabanga na Kibondo vinathibitisha kwamba kufundisha afya hapa kunawezekana. Muhimbili nayo ilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari tu, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Kabla ya programu mpya kupata ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chuo hutakiwa kuonyesha kwamba inahitajika. Nawaomba wakuu wa MUHAS wasiifanye tathmini hiyo Dar es Salaam, wala wasiishie kwenye ukumbi wa mkutano Kigoma mjini. Wafike Kakonko, Kibondo, Buhigwe na Uvinza, waingie maabara za vituo vya afya saa za kazi, wawaulize waliomo wanapima nini, wanashindwa kupima nini, na wangejiunga na masomo kwa utaratibu gani bila kufunga mlango wa maabara nyuma yao. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa iwape orodha ya vituo hivyo na idadi ya wateknolojia wenye stashahada katika kila halmashauri, na wabunge wetu waulizie majibu ya tathmini hiyo kabla programu za kwanza hazijatangazwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Kasulu, Kigoma