Wifi, acha kununua visu vipya, noa hivyo ulivyonavyo

Wifi yangu, za huko Tegeta? Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu nikianza tu habari za visu unaniambia mtandao unakatakata, afu najua wenye droo kama yako ni wengi, basi wasome wote. Yani droo imejaa visu na hakuna hata kimoja kinachokata nyanya bila kuiponda kwanza, na kila mwisho wa mwezi unaongeza kingine. Unasema vya siku hizi feki. Vingine kweli, sikatai, vile vyepesi vinavyopinda ukivibonyeza kwenye boga, lakini kile chenye mpini mweusi ni chuma kizuri kabisa, tatizo lake tangu kitoke dukani hakijawahi kukutana na jiwe la maana, kinakutana na ngazi ya sementi ya mlango wa nyuma tu.

Sementi, wifi! Najua mabibi zetu walinolea hapohapo na samaki wakaliwa. Ila sementi ina mchanga wa kila saizi, punje kubwa na ndogo zimechanganyika, inachofanya ni kuyachanachana makali yawe meno meno, kwahiyo siku ya kwanza unaona kinakata na kumbe ni hayo meno, yakishakunjika umerudi palepale. Kama huna kitu kingine na wageni wameshakaa sebuleni bora ugeuze kikombe cha kauri, ule mduara wa chini usiong'aa, pitisha kisu pale kila upande mara kadhaa. Inasaidia kweli, sio uchawi.

Yule kijana anayepita na baiskeli ya kunolea, anakanyaga pedeli jiwe linazunguka, huyo sina ugomvi naye, kwa panga au kisu kilichopata pengo ni msaada mkubwa. Ninayemwogopa ni wa grainda ya umeme. Ukiona makali yamegeuka rangi yakawa na bluu ujue chuma kimeungua, ule ugumu kilichopewa kiwandani umeondoka, hapo hata unoe vipi kitakuwa butu haraka mpaka sehemu yote iliyoungua isuguliwe iishe. Jiwe la mkono lenye maji haliwezi kukufanyia hivyo hata ukae nalo mchana kutwa.

Sasa hilo jiwe, kinoo, utalipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo au Gerezani, au siku ukipita Keko waulize mafundi seremala lile wanalonolea patasi wamelitoa wapi. Chukua lenye pande mbili, moja linakwaruza sana na moja laini. Ya bei juu yanaandikwa namba, na namba ikiwa kubwa jiwe ndo linakuwa laini zaidi: 400 ni la kufufua makali yaliyokufa, 1000 ni la kazi ya kawaida ya jikoni, 3000 kwenda juu ni la kung'arisha, na we kwa mchicha na kitunguu wala hulihitaji. Tumia maji. Wengine wanatumia mafuta, sio vibaya, ila chagua moja ubaki nalo maana jiwe likishakunywa mafuta maji hayaingii tena vizuri. Liloweke mpaka liache kutoa mapovu, liweke juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze, basi.

Kwenye pembe, yani kisu kinavyoinuka kutoka kwenye jiwe, ndo watu wanapotea. Kisu cha jikoni kinataka nyuzi 15 mpaka 20 kila upande, na hapo najua utaniuliza we nitapimaje nyuzi mimi. Chukua karatasi, kona yake ni nyuzi 90, ikunje katikati inakuwa 45, ikunje tena inakuwa 22 na nusu, isimamishe pembeni ya jiwe uangalie kisu kimelala kiasi gani, afu kilaze zaidi kidogo. Au kama bapa lina upana wa sentimita 3, inua mgongo wa kisu sentimita 1 kutoka kwenye jiwe, hapo upo kama nyuzi 20. Lakini usijitese sana na namba, ukinoa kwa 17 au kwa 19 nyanya haitajua, kinachoharibu ni mkono unaopanda na kushuka, mara umelaza mara umesimamisha, makali yanakuwa ya mviringo na hayakati. Kuna kitu kinasaidia sana, paka makapeni pale kwenye makali pande zote mbili, sugua mara mbili tatu, angalia rangi imetoka wapi. Imetoka juu juu na kwenye makali yenyewe imebaki? Umelaza sana. Imetoka kwenye ncha kabisa ya makali tu? Umesimamisha sana.

Ukishapata pembe, anza na upande wa jiwe unaokwaruza, sugua upande mmoja wa kisu kuanzia kisiginoni, pale karibu na mpini, mpaka ncha, ukifika kwenye ule mpindo wa mbele inua mpini kidogo ufuate umbo lake. Usibadilishe upande bado. Endelea mpaka ukipapasa ule upande wa pili kwa kidole gumba, kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usipitishe kidole kufuata urefu wa makali, usikie kitu kinakwaruza mstari mzima. Hicho ni chuma chenyewe kimesukumwa mpaka kikajikunja kwenda upande wa pili, na ndo dalili ya uhakika kwamba umefika kwenye makali kweli. Wengi wanaacha kabla ya hapo, wanasugua wanachoka wanasema jiwe bovu. Kikiwa kimejikunja mstari wote geuza, fanya hivyohivyo, afu hamia upande laini, rudia, na mwishoni unapunguza nguvu unasugua mara moja huku mara moja huku mpaka ule mkunjo uishe. Malizia kwa kukivuta kinyumenyume kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, ngozi kweli sio plastiki. Jaribu kwenye gazeti, kikikata bila kuchana umemaliza.

Kile chuma kirefu cha mviringo wanachosugulia visu buchani hakinoi sana, kinanyoosha makali yaliyolala, kwahiyo kisu kikiwa butu kabisa usitegemee kitakuokoa.

Kaka na mshipi wake wa kuvulia samaki kila Jumamosi pale Kunduchi naye ana kesi. Kisu anachotolea minofu ya changu, kile chembamba kinachonesa, kinole kwa nyuzi 15 hivi na ukikinoa bonyeza bapa kwa vidole lisijikunje juu ya jiwe. Cha kukatia chambo na kamba kipe 20 mpaka 25 maana kinagonga mifupa, na hicho ishia upande wa jiwe unaokwaruza, kamba inapenda makali yenye ukali wa kukwaruza, ukiyalainisha sana yanateleza. Afu mwambie stenlesi sio kwamba haishiki kutu, chumvi ya bahari inaila taratibu inatoboa vishimo, hasa kikikaa kimelowa ndani ya ala ya ngozi mpaka Jumamosi nyingine. Kioshwe kwa maji ya bomba, kikaushwe, kipakwe mafuta ya nazi kidogo. Ya alizeti hapana, yananata.

Na wewe magamba paa kwa mgongo wa kisu, usitumie makali. Kata kwenye kibao cha mbao, sio kwenye sahani wala juu ya marumaru, kwenye sahani hata kisu cha bei gani hakimalizi wiki. Kukusanya vitunguu kwenye kibao pia geuza kisu utumie mgongo. Kile cha mkate chenye meno kiache, jiwe bapa litayala meno yote.

Siku utakayonoa, kabla dada wa kazi hajaingia jikoni mwambie. Amezoea kukandamiza kwa nguvu zote ndo kikate, na akishika hicho kwa nguvu zilezile atajikata kabla hujamwita.