Kipima maji kisiachwe peke yake Msimbazi

Mhariri,

Kufunga vipima maji vya kielektroniki, vya kuonya mafuriko, kwenye Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam ni jambo jema, lakini kifaa pekee hakiokoi mtu. Kinachofungwa chini ya daraja hutuma sauti na kupima umbali wa maji kwa mwangwi wake. Utando wa buibui au taka zilizonasa hukifanya kitangaze mafuriko mto ukiwa umetulia. Kila kifaa kiwe na nguzo yenye alama za sentimita, na mkazi wa kuisoma na kutuma ujumbe mfupi.

Tangu 2015, kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za jamii, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaro na nyumba za kata zinazofurika. Kazi hiyo ni hazina, ila huchakaa: mtaro uliojaa mchanga au ukuta mpya hugeuza njia ya maji. Ihakikiwe kila Februari, kabla ya masika.

Taarifa ya mwananchi itaje mahali, saa na kina: kifundo, goti au kiuno. “Maji yamejaa” haimwambii mwokoaji kama apeleke boti au gari. Tunapendekeza taarifa tatu za watu tofauti, eneo moja, ndani ya nusu saa, zitoshe kutoa tahadhari. Hapo picha za zamani zinazosambazwa WhatsApp hazitapeleka boti kusikohitajika.

Umeme ukikatika, minara ya simu hutegemea betri. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa awe na kipaza sauti, na orodha ya karatasi ya wazee na wenye ulemavu.

Wachora ramani za jamii,
Dar es Salaam